Jina Adimu la Mtoto wa Kiume: Mwongozo Kamili, Kuanzia Maana hadi Cheti cha Kuzaliwa

Simama mlangoni pa darasa la chekechea mjini uite "Brayani!" Watageuka zaidi ya mtoto mmoja. Ita "Jayden" au "Rayyan", mambo ni yaleyale. Si majina mabaya hayo, lakini wazazi wengi walioyachagua ukiwauliza yametoka wapi, wanakutazama tu. Wengine wamechoka kuona mtoto wao akiitwa kwa jina na herufi ya ubini ili atofautishwe na wenzake, wanatafuta jina ambalo si la kila mtu. Mwongozo huu ni wao.

Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja. Mtoto mwenye jina adimu ataulizwa habari za jina lake maisha yake yote: shuleni, kazini, uhamiaji, ukweni. "Hilo ni jina la wapi? Maana yake nini?" Akiwa na jibu, jina linakuwa fahari yake. Akikosa jibu, linakuwa usumbufu. Kwa hiyo msitafute jina la ajabu. Tafuteni jina ambalo chimbuko lake linaelezeka kwa sentensi mbili, na mtoto wa miaka saba anaweza kuzisema.

Hatua ya 1: Anzeni na mnachotaka kusema

Wazazi wengi huanza na sauti: jina limesikika vizuri kwenye tamthilia, linachukuliwa. Anzeni upande wa pili. Kaeni baba na mama, muandike sentensi moja tu: mtoto huyu amekujaje, na tunamwombea nini? "Tumemsubiri miaka mingi." "Amezaliwa babu yake akiwa ametangulia mbele ya haki." "Amekuja na mvua ya kwanza." Sentensi hiyo ndiyo mtakayozunguka nayo katika lugha za watu.

Tuseme mmeandika, "Huyu ametolewa na Mungu." Waebrania walikwisha kulisema hilo: Nathanaeli. Wagiriki wakasema Theodori. Kwa Kilatini ni Adeodatus, jina ambalo Mtakatifu Augustino alimpa mwanawe. Wafaransa wana Dieudonné, lililoingia Kongo na Burundi likawa la nyumbani kabisa. Waslavi wana Bogdan, Waarabu wana Ataullah na Hibatullah. Wazulu hawakuhitaji maneno mengi: Sipho, zawadi. Maana ni ileile, na katika orodha hiyo mna jina la Mkristo, la Mwislamu na la yeyote yule.

Au mmeandika, "Tunataka awe mja wa Mungu." Abdallah mnalijua. Obadia wa Agano la Kale lina maana hiyohiyo, na ni mara chache kulisikia siku hizi. Wahabeshi hutanguliza Gebre, mtumishi, kisha wakaunganisha: Gebreselassie ni mtumishi wa Utatu.

Ikiwa neno lenu ni tumaini, Wanyakyusa wana Lusubilo, Wazulu wana Themba, na Waamhara wana Tesfaye, "tumaini langu". Wafini wana Toivo, na safari ya jina hilo inastahili kusimuliwa. Wamisionari wa Kifini walifika Ovamboland, kaskazini mwa Namibia ya leo, mwaka 1870. Wakajenga shule, wakabatiza, na majina ya kwao yakashika mizizi kule. Ndipo akatokea Andimba Toivo ya Toivo, mpigania uhuru aliyefungwa kisiwa cha Robben miaka 16. Leo ukisikia Toivo barani Afrika, unamfikiria Mnamibia kabla ya Mfini. Jina la ugenini likibebwa vizuri linapata kwao kupya, na hilo liwatie moyo mnaosita kuvuka mipaka.

Wanaopenda majina ya angani nao hawakosi. Badru ni mwezi mpevu, Hilali ni mwezi mwandamo. Suheli ni nyota ya kusini, ya pili kwa mng'ao katika anga la usiku. Manahodha wa pwani yetu waliitumia kushika njia, na jina lake likawa pia jina la upande wa kusini. Tariki ndiye mgeni wa usiku anayetajwa mwanzoni mwa sura ya 86 ya Kurani, nyota yenye kung'aa. Kihindi Arun ni alfajiri. Kwa Wakechua wa milima ya Andes, Inti ni jua. Kwangu Suheli ndilo jina zuri kupita yote ya kundi hili: fupi, la pwani, na linanukia bahari.

Hatua ya 2: Chungulieni ukooni kabla ya kuvuka bahari

Jina huwa adimu kulingana na mahali ulipo. Lusajo (baraka), Lusekelo (furaha), Lugano (upendo) na Gwakisa (wa rehema) ni majina ya kila siku Rungwe na Kyela. Mpeleke Lusekelo huyo Tanga au Lindi, darasani atakuwa peke yake. Vuai, Makame, Pandu na Faki utayasikia kila kijiji Unguja na Pemba, lakini bara unaweza kumaliza mwaka hujakutana nalo hata moja. Byarugaba, "ni vya Mungu Mtoaji", ni la kawaida Kagera na ng'ambo ya mpaka Ankole, na ni jina zito sana ukilipeleka kwingine.

Kwa hiyo hatua ya pili ni simu, kabla ya intaneti. Mpigie bibi au shangazi mkubwa, umuulize mambo matatu: majina ya wanaume wa ukoo mpaka pale kumbukumbu yake inapoishia, kila mmoja alipewa jina hilo kwa nini, na nani katika hao hakupata somo, yaani hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Hilo la tatu ndilo lenye hazina. Jina la babu wa babu ambalo limelala vizazi viwili ni adimu, lina historia, na halihitaji kuelezwa kwa mgeni zaidi ya "ni la mzee wetu".

Familia nyingine zina taratibu zisizochezewa. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake. Ukioa huko, uamuzi wa jina la kwanza umeshafanyika kabla hujazaliwa wewe mwenyewe. Msigombane. Jina adimu mlilolipenda liwekeni nafasi ya pili, au mngojeni mtoto wa tatu. Rwanda na Burundi mambo ni tofauti: kila mtoto anaweza kupewa jina lake kamili, lisilorithiwa kwa baba, na mara nyingi ni sentensi nzima. Habimana, Mungu yupo. Hakizimana, anayeponya ni Mungu. Nkurunziza, habari njema. Ndayishimiye, namshukuru. Haya mawili ya mwisho yamekuwa ya marais wa Burundi waliofuatana. Ni shamba kubwa la majina, na Mswahili anayatamka bila shida.

Hatua ya 3: Jifunzeni njia ambazo mataifa hutumia kutoa jina

Ukielewa njia, utapata majina mengi kuliko ukisoma orodha. Njia kubwa ni nne.

Ya kwanza ni wakati. Sisi tuna Juma aliyezaliwa Ijumaa, Hamisi wa Alhamisi, Rajabu, Shaabani na Ramadhani wa miezi yao, Idi wa sikukuu. Waakan wa Ghana wamekwenda mbali zaidi, kila siku ya juma ina jina lake la kiume: Kojo wa Jumatatu, Kwabena wa Jumanne, Kwaku wa Jumatano, Yaw wa Alhamisi, Kofi wa Ijumaa, Kwame wa Jumamosi, Kwasi wa Jumapili. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa Kumasi tarehe 8 Aprili 1938, siku ya Ijumaa. Angezaliwa Bagamoyo angeweza kabisa kuitwa Juma.

Wajaluo hawatazami siku, wanatazama saa. Omondi ni wa alfajiri, Ochieng' wa jua kali, Odhiambo wa jioni, Otieno wa usiku. Wakalenjin wanaongeza na mazingira: Kipkoech ni wa mapambazuko, Kibet wa mchana, Kiprono amezaliwa mbuzi wakirudi zizini, na Kipchoge amezaliwa karibu na ghala la nafaka. Eliud Kipchoge, mkimbiaji aliyemaliza kilomita 42 jijini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 anabeba jina la ghala.

Ya pili ni hali ya hewa na safari. Hapa mvua ndiyo mama wa majina. Mabula kwa Wasukuma, Okoth kwa Wajaluo, Kiprop kwa Wakalenjin, Roble kwa Wasomali. Wote ni watoto waliokuja na mvua, na kila moja ya jamii hizo nne ina lugha yake. Kama mwanenu amezaliwa wakati wa masika, uchaguzi ni wenu. Wasomali wana pia Geedi, aliyezaliwa safarini, na Warsame, habari njema.

Ya tatu ni nafasi ya mtoto katika uzao. Mapacha wa Usukumani na Unyamwezini ni Kulwa na Doto, anayewafuata ni Shija. Wajaluo wana Opiyo na Odongo, akifuata Okello. Wayoruba wa Nigeria wana Taiwo na Kehinde, akifuata Idowu, na wao wana imani ya kupendeza: Taiwo anatangulia kutoka, lakini mkubwa ni Kehinde, kwa kuwa ndiye aliyemtuma mdogo wake akaonje dunia kwanza. Warumi walihesabu bila kificho, Quintus wa tano, Septimus wa saba, Octavius wa nane. Wajapani nao wana Ichiro kwa mwana wa kwanza, Jiro wa pili, Saburo wa tatu. Jiro, kwa mdomo wa Mswahili, ni jina jepesi sana kwa kijana wa pili nyumbani.

Ya nne ni majina ya kinga, na hapa naomba mtulie kidogo. Familia iliyozika watoto mfululizo ilimpa anayefuata jina la kukizuia kifo. Waturuki wana Dursun, "na abaki", na Yaşar, "anaishi". Wayoruba wana Durojaiye, "kaa uyafurahie maisha", na Kokumo, "hafi tena". Waamhara wana Kassa, fidia, kwa mtoto aliyekuja kuziba pengo. Kwetu tunao kina Mashaka, Tabu, Shida na Masumbuko, na nyuma ya wengi wao kuna mama aliyelia. Mtu asiyejua habari hiyo huyacheka majina haya. Kama babu yenu aliitwa Mashaka, muulizeni bibi kisa chake kabla ya kulitupa. Lakini kama mnatafuta jina jipya baada ya msiba, mimi ningechagua lile linaloita uhai, Yaşar au Durojaiye, na siyo lile linaloita tabu. Mtoto hana haja ya kubeba huzuni mliyokuwa nayo kabla hajaja.

Wayoruba wana jingine kwa msiba wa aina tofauti: Babatunde, "baba amerudi", kwa mvulana aliyezaliwa baada ya babu kufariki.

Hatua ya 4: Hakikini maana, na msiamini orodha ya kwanza

Orodha za majina mtandaoni zinanakiliana. Jina Jelani ni mfano mzuri. Orodha nyingi za Marekani zinaliandika kuwa ni la Kiswahili, maana yake "mwenye nguvu". Fungueni kamusi yoyote ya Kiswahili mlitafute neno hilo. Chimbuko lake ni Gilan, mkoa wa Uajemi kandokando ya bahari ya Kaspi, na lilienea kwa heshima ya Sheikh Abdulkadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166, ambaye tarika ya Kadiria inanasibishwa naye. Waislamu wa pwani yetu wamemtaja katika zikri kwa vizazi. Ni jina zuri sana, ila sababu ya uzuri wake siyo ile iliyoandikwa.

Kwa kila jina mlilolipenda, fanyeni hivi. Tafuteni neno lenyewe katika lugha yake, siyo katika orodha ya majina. Mpateni mtu mmoja anayeizungumza lugha hiyo tangu utoto, mumuulize jina hilo likitajwa kwao anafikiria nini kwanza. Kisha muulize ni watu gani maarufu walilibeba. Majibu matatu yakikubaliana, endeleeni.

Angalieni maneno yanayofanana na ya kwetu. Kishona Simba siyo mnyama, ni nguvu. Simbarashe ni nguvu za Bwana. Mtoto atakuwa na maana mbili mkononi, na zote zinamfaa. Maneno mengine hayana bahati hiyo: jina tukufu huko lilikotoka linaweza kugongana na tusi la Kiswahili, na watoto wenzake hawatamwonea huruma.

Majina ya mashujaa nayo yana mambo. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898, jina lake ni ufupisho wa Mkwavinyika, mtwaaji wa nchi nyingi. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki 1884, hilo lilikuwa jina la vita, na maana yake ni maiti. Jina lake la kuzaliwa ni Mtyela Kasanda. Mtu anayetaka kumuenzi mtawala yule kwa mwanawe ana Mtyela, jina lisilo na damu.

Uzito wa maana siyo jambo la leo. Katika Mwanzo 35, Raheli akiwa anakata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu, lakini Yakobo akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Na katika Sahihi Bukhari kuna kisa cha mtu aliyeitwa Hazn, ardhi ngumu. Mtume (s.a.w.) akamwambia, wewe ni Sahl, yaani laini. Yule bwana akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, akasema ugumu ule haukuwatoka tena nyumbani kwao.

Hatua ya 5: Lipimeni mdomoni

Toka nje uliite kwa sauti, kama mama anavyomwita mtoto wakati wa Magharibi aingie ndani. Jina likikatika katikati, halitadumu. Kiswahili kinapenda irabu mwishoni, kwa hiyo Bogdan atakuwa Bogdani na Sigurd atakuwa Sigurdi, mtake msitake. Kama hamuipendi sura hiyo ya pili, msichukue ya kwanza. Majina yanayoandikwa tofauti na yanavyotamkwa yana kazi kubwa zaidi: Oisín wa Waayalandi, "paa mdogo", hutamkwa karibu na Oshini, na kwetu hakuna atakayelisoma hivyo.

Refu si tatizo mkichagua ufupisho wenyewe kabla wenzake hawajamchagulia. Waigbo wana Chinualumogu, "Mungu anipiganie", na dunia nzima inajua Chinua. Chukwuemeka huwa Emeka.

Kisha lisomeni pamoja na jina la baba na la babu, maana ndivyo litakavyokaa kwenye nyaraka. Kofi ni zuri peke yake, lakini Kofi Juma ni Ijumaa mara mbili. Wenye ndugu ughaibuni waangalie pia jinsia: Andrea kwetu na Italia ni mwanamume, Ujerumani na Marekani ni mwanamke. Kwa Wajaluo herufi ya kwanza hubadilisha kila kitu, Okoth ni wa kiume na Akoth wa kike. Kwa Wakalenjin ni Kip- kwa wavulana na Chep- kwa wasichana.

Hatua ya 6: Dini na serikali

Kwa Waislamu, jina la Abd liunganishwe na jina la Mwenyezi Mungu pekee, na wakati unaopendekezwa ni siku ya saba pamoja na akika, mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto. Kwa hiyo kamilisheni utafiti kabla mtoto hajazaliwa. Kwa Wakatoliki, wengi hudhani lazima liwe jina la mtakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu lisiwe jina geni kwa hisia za Kikristo. Lusubilo anabatizwa bila tatizo.

Serikali nazo zinatofautiana. Iceland ina kamati ya majina tangu 1991, na jina jipya hukataliwa lisipoafikiana na sarufi yao. Denmark ina orodha ya majina yaliyokubaliwa, na lisilokuwamo linaombewa ruhusa. Mnaoishi huko ulizeni mapema. Zaire mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, watu wazima wakalazimika kutafuta upya majina ya mababu. Baadhi ya majina mazuri ya Kongo tunayoyasikia leo yalirudi mbele wakati huo.

Hatua ya 7: Msajili, na muangalie herufi

Tanzania Bara usajili wa kawaida ni ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kenya ni ndani ya miezi sita. Mkichelewa, ushahidi unaodaiwa unaongezeka.

Kabla ya kwenda, kubalianeni tahajia moja na muiandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Msimtajie karani kwa mdomo, mpeni karatasi. Jina adimu ndilo linalokosewa kirahisi: Lusubilo anaandikwa Rusubiro, Suheli anakuwa Suhail kwenye tangazo la kizazi, Suheil kwenye kadi ya kliniki na Suhaili shuleni, na miaka ishirini baadaye kijana anahangaikia kiapo cha mahakamani ili apate pasipoti. Alama zisizo za Kiswahili, kama ile ş ya Yaşar, ziacheni. Andikeni Yashar, maana mifumo mingi ya hapa haizipokei. Cheti kikitoka, kisomeni herufi kwa herufi mkiwa bado mbele ya dirisha, pamoja na jina la baba, la mama na tarehe. Kosa likionekana hapo, lirudisheni hapohapo kabla hamjaondoka na cheti.